Ule Moshi wa Kakao Ulikuwa Wangu

Bujonde,
Kyela.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa Dada Doreen,

Ugonile, dada yangu. Umeamkaje huko Tabora? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu wawili, shule inakwendaje? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole au bado anautafuna mkono kama mhogo wa kuchoma? Waambie mjomba wao wa Kyela, yule mrefu mwenye sura nzuri, anawasalimia sana. Wakiuliza ni mjomba yupi huyo mwenye sura nzuri, waonyeshe picha niliyopiga na pikipiki. Ile ya kipaimara ifiche.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua kwa kuinama, maana mpunga umeiva na ndege mwaka huu hawana adabu kabisa. Baba anaendelea. Habari zake utazikuta huko mbele. Usiruke mistari kuzitafuta, nakujua. Soma kwa mpangilio kama unavyowafundisha wanafunzi wako.

Najua unashangaa, Hezroni kuandika barua! Mtu aliyekimbia shule kidato cha pili, ambaye hata barua ya kuomba ruhusa ya kuumwa ulikuwa unamwandikia wewe. Simu ninayo na salio ninalo, lakini hili ninalotaka kukuambia limekataa kutoka kwenye simu. Nimejaribu mara tatu. Mara zote tatu umepokea, nikakuuliza kama mvua inanyesha huko, halafu nikasema mtandao unasumbua. Dada, mtandao ulikuwa mzima. Kalamu yako nyekundu iache kwenye mkoba, humu ndani kuna makosa makubwa kuliko ya herufi.

Nianze na dogo ili mkono upate moto. Ile chupa ya asali uliyomletea Baba, ambayo Mama alisema imeliwa na sisimizi, niliimaliza mimi. Sisimizi gani wa Bujonde anajua kufungua kifuniko na kukifunga tena?

Sasa kubwa. Ile kakao ya Baba iliyokataliwa kwenye chama cha ushirika mwezi wa nne kwa sababu ya kunuka moshi, hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi kwa sigara yangu. Nililijua hilo siku ile ile, nikanyamaza, ukafukuzwa nyumbani kwenu kwa kosa langu.

Basi, nimeliandika. Asubuhi ya leo ina baridi na mimi natoka jasho.

Ngoja nikueleze yote tangu mwanzo, maana mengine hukuyaona.

Unakumbuka ulivyotukuta mwezi wa pili, ulipochukua likizo kuja kumuuguza Baba. Baba alikuwa ameanguka shambani kwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umekwenda upande. Mchana nilikuwa naendesha bodaboda Kasumulu, nikirudi namnyanyua Baba, namwogesha, namlisha uji. Mtu aliyekuwa akipiga mluzi mara moja tu mimi nimeshasimama, sasa mimi ndiye namfunga vifungo vya shati. Nilikuwa namaliza pakiti nzima kwa siku. Siku uliyonikuta nyuma ya wodi, Baba bado amelazwa, nimewasha moja na nyingine iko sikioni, nilikuambia sigara ndiyo inayonishikilia nisidondoke. Nilijifanya natania.

Hukunihubiria. Kama ungenihubiria labda leo ningekuwa na la kujitetea. Ulisema tu, "Hezi, ukikata zote leo na Baba yuko hivi, utapasuka. Tupunguze." Ukachukua kopo tupu la maziwa ya unga ya Baba, ukalisuuza, na kila asubuhi ukawa unaniwekea humo za siku hiyo. Wiki ya kwanza kumi na tano. Iliyofuata kumi na mbili. Halafu tisa, halafu sita. Na hamu ikinijia kabla ya wakati, kwanza ninywe maji kikombe kizima, kisha nikageuze kakao kichanjani toka mwanzo mpaka mwisho, ndipo nije kuomba. Ujanja wako niliugundua baadaye. Kile kichanja cha Baba ni kirefu. Ukifika mwisho wake umeshasahau ulichokuwa unataka.

Na ilifanya kazi, dada. Wallahi, kama anavyosema Bibie wa dukani. Nikaanza kujisifu kijiwe kizima. Nikawaambia bodaboda wenzangu kwamba wao wanavutwa na sigara, mimi ndiye ninayeivuta. Nikamwambia Bibie ajiandae kufunga duka kwa kumkosa mteja wake mkubwa. Naye akanijibu, "Haya bwana mkubwa, tutaona kama hilo duka litafungwa na mwanamume mmoja." Ulipokuwa unanihesabia zile sita asubuhi na kunipiga begani, nilijiona nimemaliza chuo kikuu.

Lakini nilikuwa na pakiti nyingine stoo, nyuma ya debe la mbegu za mpunga.

Mwanzo ilikuwa ya dharura tu, kama akiba. Siku Baba anapolia bila sauti wakati namgeuza, naenda stoo. Siku Mama akisema daktari ametaka vipimo vingine, naenda stoo. Nilichagua stoo kwa sababu haina dirisha na wewe hukuwa unaingia humo. Nikitoka natafuna majani ya mchungwa, napaka na mikononi. Kopo lilikuwa linasema sita, mapafu yangu yalikuwa yanajua kumi na moja. Ukaendelea kunipiga begani.

Halafu ikaja ile mvua ya siku nne. Kakao tulikuwa tumeivundika siku zake na kuitoa, imekaa juani siku mbili tu, bado haijakauka. Unakumbuka tulivyoikimbiza stoo, wewe na Mama na mimi, tumelowa kama bata, tukaitandaza juu ya mikeka na nyingine tukaiacha kwenye magunia. Na jikoni ni hapo hapo, ukuta mmoja. Kuni zilikuwa mbichi, ulikuwa unapika maharage, na moshi wa jikoni ulikuwa mwingi. Lakini uliufunga ule mlango wa katikati, ukakunja kanga yako ya bluu ukaziba chini yake. Nilikuona kwa macho yangu mawili. Baba amesema hili niliandike vizuri, kwa hiyo narudia: uliziba mlango kwa kanga, hata uzi mwembamba wa moshi usingepita.

Siku ya tatu ya mvua, saa nane mchana, nilikuwa humo stoo nimeketi juu ya magunia na sigara yangu ya wizi. Nikasikia Mama anapiga kelele kwamba Baba ameteleza kwenye kiti. Nilikurupuka. Kipisi sijui nilikitupa wapi. Tulimnyanyua Baba, tukamkagua, tukambadilisha nguo, akatulia. Wewe ulikuwa unachemsha maji ya kumkanda. Mimi niliporudi stoo, nadhani ilikuwa imepita karibu saa nzima, nilifungua mlango wa nyuma na moshi ukanipokea usoni.

Gunia moja tupu la katani lilikuwa linaungua polepole bila kutoa ndimi za moto. Ungekuwa moto wa kuwaka labda mngeuona wote. Nililikokota nje kwenye mvua, nikalifukia kwenye shimo la maganda. Nikaacha mlango wazi, nikapepea kwa ungo kama mwendawazimu. Halafu nikachukua kakao mkononi, nikanusa, nikaona haina shida.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo, dada. Nilinusa kwa pua ya mvuta pakiti nzima. Pua ile hata ungeiwekea dagaa waliooza ingesema ni uji.

Kama Baba angekuwa mzima tusingefika mbali. Unajua mwenyewe, hakuna kakao iliyotoka nyumbani kwetu bila kupita viganjani mwake. Anaisugua, anaifunika kwa mikono yote miwili kama mtu anayesali, anavuta pumzi, halafu anasema "haya" au anasema "bado". Neno la tatu hana. Miaka yote hiyo hakuna gunia letu lililorudishwa. Lakini wakati huo alikuwa kitandani, na mwenye pua nyumbani akawa mimi.

Jua liliporudi tukaianika, ikakauka vizuri, ikawa na rangi ya kupendeza. Niliipakia mwenyewe kuipeleka chamani, kifua mbele, mtoto wa Mzee Yohana. Na mwaka wenyewe ndio huu ambao kakao imekuwa kama dhahabu, foleni imefika barabarani. Mkaguzi akakata punje kwa kisu, ndani safi. Akasugua, akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Akasema, "Hii imekaushwa kwa moto."

Wewe umekaa mbali miaka mingi, lakini hilo hujalisahau. Hapa kwetu kumwambia mkulima ameanika kakao kwa moto ni sawa na kumwambia ameiba. Wanaofanya hivyo ni wale wasioweza kusubiri mvua ipite. Foleni nzima iligeuka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Na Yohana naye?" Maneno matatu tu hayo, dada, nayasikia mpaka leo.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwepo, ule ule unaojisifu kijiweni. Nikarudisha magunia nyumbani nikasema tu, "Wamesema moshi."

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Shangazi Anyisile alikuwa amekuja kumwona Baba, akasimama katikati ya ua na kopo lake la ugoro, akauliza nani alikuwa jikoni siku za mvua. Mama akaangalia chini. Shangazi akasema, "Kumbe! Huko kwao Tabora si ndiko wanakokausha tumbaku kwa moto? Mwalimu wetu ameona kakao nayo ni tumbaku!" Majirani waliokuwa wamejaa uani wakacheka. Wewe ukasema, "Shangazi, mlango niliuziba." Ukasema mara moja tu. Kisha ukageuka ukaniangalia mimi, kwa sababu ulijua nilikuona ukiziba.

Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Na Baba kule ndani, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hajatoa neno lililonyooka, akatoa moja. "Aende."

Nilikupeleka stendi Kyela na pikipiki, begi lako nimeliweka mbele kwenye tangi. Hukulia. Ulipokuwa unapanda basi ukafungua mkoba ukanipa lile kopo. Ukasema, "Nimekuhesabia za wiki nzima, nne kwa siku. Angalau wewe ulinisikiliza, Hezi. Nitakuwa najivunia hilo njia nzima." Nami nikafanya nini? Nikatania kuhusu kitambi cha konda. Ukacheka kidogo kwa kunionea huruma. Mimi ndiye uliyenionea huruma!

Zile za wiki nzima zilikwisha kabla jua halijazama.

Baada ya hapo nilivuta kama bomba la mashine ya kukoboa. Nikimwona Mama anakula peke yake jikoni, navuta. Nikiona kanga yako ya bluu, ile uliyoisahau kwenye kamba, navuta. Aliyenisimamisha ni Bibie. Asubuhi moja nimesimama dukani kwake nataka nyingine, akaziba boksi la sigara kwa mkono.

"Hezroni mwanangu, wewe si ndiye uliyekuja hapa kunifungia duka? Ulisema sita. Hii ni ya tisa na hata chai watu hawajanywa."

"Nina mawazo, mama."

"Mawazo hayavutwi. Ungekuwa unayavuta yangeshakwisha."

Nikamwomba afanye kama ulivyokuwa unafanya wewe. Akakubali, lakini kwa masharti yake. Ananipa asubuhi za siku hiyo, na nikirudi kuomba ya ziada ananitangaza mbele ya wateja. Na alinitangaza kweli, mara mbili, mara ya pili mbele ya mwinjilisti wetu. Nikaanza upya na kumi. Halafu nane. Halafu tano. Hakuna pakiti ya stoo, ufunguo wa stoo nilimpa Mama na kumwambia panya wamezidi.

Na ile kanuni yako ya maji na kugeuza kakao niliirudia. Ila kakao iliyokuwepo kichanjani ilikuwa ni ile ile. Nilikuwa naitoa kila siku juani, nikidhani labda jua na upepo vitauondoa ule moshi ambao mimi sikuwahi kuusikia. Moyoni nilikuwa nasema pengine yule mkaguzi alikosea. Ndiyo, dada, nilifika huko, mpaka kumsingizia mtu pua yake. Hamu ikija nakunywa kikombe, naenda kugeuza. Wiki tatu nzima nimegeuza kakao ile kwa viganja hivi.

Mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa nimefika tatu kwa siku. Asubuhi moja nimeinama kichanjani nikasikia harufu ya moshi. Nikageuka kuangalia jikoni. Mafiga yalikuwa ya baridi, Mama alikuwa shambani. Nikaangalia kwa jirani, hakuna. Nikachukua kakao, nikaisugua na kuifunika kwa mikono kama Baba, nikavuta pumzi.

Ilikuwa inanuka, Doreen. Ilikuwa inanuka gunia lililoungua, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua zaidi. Ilikuwa inanuka vidole vyangu. Miezi yote hiyo kila mtu aliyepita uani kwetu alikuwa anaisikia, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa siisikii. Niliketi chini ya kichanja kama mtu aliyepigwa na jua. Nilikuwa nasubiri siku pua yangu ipone ili nijisifu, na siku ilipopona kitu cha kwanza ilichonionyesha ni uongo wangu.

Hata hivyo nilikaa siku tisa zaidi bila kusema. Usifikiri nimekuwa malaika.

Aliyenitoa ni Shangazi Anyisile, bila kujua. Baba alikuwa amegoma kufanya mazoezi ya mkono. Ule mpira mdogo waliompa hospitali alikuwa anauacha udondoke makusudi. Na kula akawa anakula vijiko viwili, anageukia ukutani. Shangazi akaja, akamtazama kaka yake, akasema humu ndani kuna mtu amemeza neno, na mgonjwa hawezi kupona juu ya neno lililomezwa. Akataka tukae kama zamani, kila mwenye kinyongo aseme, anywe maji na kuyapuliza nje. Mama akasema sisi ni watu wa kanisa. Shangazi akamjibu, "Kwani huko kanisani mlibatizwa kwa soda? Lete maji!"

Tukakaa. Kikombe kikaanza kwa Shangazi, akasema ana kinyongo na jirani yake wa kuku, akapuliza. Mama akasema hana. Kikafika kwangu. Nilitaka kuanza na utani, niseme mimi kinyongo changu ni kuzaliwa mzuri katika familia ya watu wa kawaida. Ukakwama. Nikasema, "Moshi ulikuwa wangu." Halafu nikasema yote, pakiti, gunia, shimo la maganda, kanga ya bluu, ndala.

Hakuna aliyenipiga. Ningeomba wanipige. Mama aliinuka akaenda kuichukua ile kanga yako, akaikunja, akaipakata mapajani. Shangazi, ambaye nilidhani atanimaliza, alikuwa na ugoro umeshafika karibu na pua. Akaurudisha kwenye kopo. Akasema polepole, "Na mimi nilisema tumbaku. Mbele ya watu."

Baba aliniangalia mpaka nikaangalia pembeni. Kisha akaomba kikombe kwa jicho. Akasema, neno moja moja, "Mimi... nilimwambia... mwanangu... aende." Akanywa, akajaribu kupuliza. Maji yote yakatokea ule upande uliopinda, yakamwagikia shati nililokuwa nimemfunga vifungo mwenyewe. Tuliogopa. Akaanza kucheka yeye. Dada, Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili! Ndipo nami nikalia, na nakuruhusu uwasimulie wapwa zangu, ila usiseme nililia sana.

Akaniagiza nikuandikie. Nikamwambia nitapiga simu. Akatikisa kichwa. "Simu... inakatwa." Akasema niandike kwa mkono wangu na nimsomee kabla sijafunga. Nimeshamsomea mpaka hapa. Ile habari ya kitambi cha konda amesema haikuwa ya lazima, lakini nimeiacha.

Jumatano nilikwenda chamani. Nilisubiri mpaka foleni ijae mbele ya mkaguzi, nikasema kwa sauti kwamba Mzee Yohana hajawahi kuanika kwa moto, na dada yangu hajawahi, ni mimi na sigara yangu. Mkaguzi akasema kakao ni ile ile, hapokei. Nikamjibu sikuja kuomba apokee. Yule mzee wa "Na Yohana naye?" alikuwepo, akavua kofia akajikuna. Kijiweni sasa wananiita Tanuri. "Tanuri, nipeleke Mwaya!" Naitikia, nawapeleka. Ni jina langu, nimelitafuta mwenyewe.

Sigara sijaacha. Ningependa kuandika nimeacha, herufi ni zile zile, lakini nimekudanganya kwa namba muda mrefu, sasa basi. Ni mbili kwa siku, moja baada ya chai na moja nikifunga kazi. Juzi Baba alipata homa nikavuta nne, na hizo nne ziandike. Jana mbili. Leo mpaka sasa moja, na ya pili naiona pale Bibie amenifungia kwenye karatasi, nimekunywa maji vikombe viwili kwa ajili ya barua hii.

Pamoja na barua hii nimekutumia mchele mpya, debe moja, wa shamba la chini kule mtoni. Mama ameupeta mwenyewe. Ndani ya mchele utakuta kanga yako, na ndani ya kanga utakuta lile kopo. Ni tupu, nimelisuuza. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu ukikumbuka ule ua wetu uliojaa watu wanaocheka, ujue sasa wote wanajua uliziba mlango.

Msalimie sana shemeji, mwambie pikipiki yake ya mkopo akishindwa kuiendesha anipigie. Wasalimie wapwa zangu. Mama anakusalimia, anasema kichwa chako kilipotoka getini moyo wake ulikwenda nacho. Shangazi Anyisile anakusalimia, yeye atakupigia mwenyewe, na akianza na habari za kuku wa jirani mvumilie, anatafuta njia ya kufika. Bibie naye amesema nikuandikie kwamba duka bado liko wazi lakini linapata shida.

Mungu aliyetuvusha masika hii akulinde, aibariki nyumba yako na chaki yako na watoto unaowafundisha. Ndaga fijo, asante sana dada, kwa lile kopo. Nilipewa dawa na mtu niliyekuwa namchoma mgongoni.

Nabaki mdogo wako anayekupenda na mwenye haya mbele yako,

Hezroni (Tanuri)

Tena: Nilikuwa nimeshasaini na nataka kukunja karatasi, Baba akanyoosha mkono akataka kalamu. Wa kulia, dada, ule uliolala. Mama alitaka kumshika kiwiko, akamsukuma. Amechukua muda wote ambao Mama amewasha moto na chai imechemka. Kwa hiyo hayo yaliyo hapa chini usidhani kuku amekanyaga wino. Ni mwandiko wa Baba, na hakuna aliyemwambia aandike nini:

NJOO